Mgeni Rasmi Ataokota Nini?

Kaa alikuwa hawezi kuona taka akazipita. Siku ya Usafi alidamka kabla ya wote, na jua lilipochomoza ufukwe mzima wa mji ulikuwa mweupe pe.

Akatokea Kunguru, afisa habari wa baraza la mji, kamera shingoni.

“Umefanya nini wewe? Mgeni rasmi anakuja saa nne kupigwa picha akiokota taka. Ataokota nini? Zirudishe upesi, la sivyo utahama hapa!”

“Zitarudi, bwana afisa,” Kaa alijibu, akaanza kubeba magunia ya taka. Kunguru akakimbilia barabarani kumpokea mgeni.

Mheshimiwa Batamzinga alishuka na glavu mpya, akatazama mchanga mtupu.

“Taka ziko wapi?”

Kunguru akamgeukia Kaa.

“Nimezirudisha zilikotoka, bwana afisa,” Kaa alisema. “Kila siku nakuona ukizimwaga kwenye mtaro wa baraza, na maji yanazileta huku. Sasa ziko mlangoni pa ofisi yako.”

Umati ukaangua kicheko. Batamzinga alivua glavu zake, akamkabidhi Kunguru.

“Okota wewe,” alisema. “Kamera mpe Kaa.”