Kiti cha Mgeni

Ofisa wa elimu alikunywa chai taratibu huku akikikagua chumba kwa macho. Sheria mpya ilisema serikali itawasomesha vijana wa familia zisizojiweza, naye alitumwa kuziona nyumba zenyewe.

Aliona pazia la maua, chupa ya chai inayong'aa, na kiti cha mto laini alichokalia yeye.

"Mama Sikudhani, mbona hapa mnajiweza," alisema, akafunika kalamu yake. "Wapo wanaolala chini."

Mama Sikudhani aliinamisha kichwa. Tangu alfajiri alikuwa akibisha hodi kwa majirani kuazima vitu hivyo, maana mgeni hakaribishwi kwenye mkeka uliotoboka. Sasa alikuwa amechoka hata kueleza. Na angeanzaje kumwambia mgeni kwamba amekalia kiti cha watu?

Sikudhani, aliyekuwa amesimama mlangoni na sare yake ya shule, akasogea.

"Samahani, baba. Naomba uinuke kidogo."

Ofisa akainuka. Msichana akajitwika kile kiti kichwani, akatoka nacho juani, akaelekea kwa jirani.

Mama yake hakumzuia. Ofisa alibaki amesimama katikati ya sakafu tupu, kikombe mkononi, akitafuta mahali pa kukiweka.