Kuonja Chumvi

Ramadhani yake ya kwanza ugenini, Mwanakombo alikwama kwenye chumvi. Kwao walioonja walikuwa watoto wasiofunga. Hapa aliishi peke yake, na tangu mwezi uandame alikuwa akifuturu chakula chapwa. Alasiri hiyo alichota mchuzi wa mihogo ya nazi kwa kijiko, akaenda kugonga kwa jirani ambaye hakuwahi kuvuka naye salamu.

Bibi Marta alifungua, sweta mbili mwilini.

"Samahani, mama. Nimefunga, sionji. Hebu niambie kama chumvi imekolea."

Kikongwe akapuliza, akaonja, akafumba macho. "Bado. Ongeza kidogo tu."

Mwanakombo akashukuru, akarudi jikoni. Alipomaliza kukoroga, mlango wake ukagongwa. Marta alikuwa amekuja na kijiko chake mwenyewe.

"Nataka kuhakikisha," alisema. Akaonja tena. "Sasa sawa."

"Basi kaa nikupakulie."

"Wewe utakula saa ngapi?"

"Jua likizama."

Marta akavuta kiti hadi dirishani, akalaza kijiko mapajani. Nyuma yake Mwanakombo alitoa sahani ya pili kabatini, akaifuta vumbi taratibu, akimshukuru Mungu kimoyomoyo. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa.