Maji Yalipotakata

Asubuhi ile mto ulishuka mwekundu kwa tope, na simu ya dada yangu Mwaisha, anayekaa kule juu mlimani unakotokea mto huo, ilikuwa haipatikani.

"Mvua ikinyesha hivi, mtandao lazima ukatike," alisema Mama, huku akitwanga mbegu za mlonge haraka kuliko kawaida yake.

Unga wake aliumimina kwenye ndoo niliyotoka kuchota mtoni, akakoroga taratibu kwa mwiko. Tukakaa kusubiri. Kwetu tunasafisha maji kwa mlonge tangu sijazaliwa: tope hushikana mabonge mabonge, likazama lenyewe.

Safari hii harufu ilitangulia.

"Mama, mbona yananukia karafuu?"

Aliinamia ndoo. Maji yalitakata kuanzia juu, polepole, mpaka nikaona chini ya ndoo. Juu ya tope lililotuama zilikuwa zimelala karafuu sita.

Mama alitumbukiza mkono, akatoa moja. Ilikuwa nyeusi.

"Si zimeanguka tu kutoka mtini?" nilisema, na sauti yangu mwenyewe ikanitisha.

"Za mtini ni mbichi. Hii imeanikwa."

Kule juu wote walishauza karafuu zao, isipokuwa Mwaisha. Zake anazo ndani, kwenye gunia, chini ya kitanda anacholalia na wanawe.

Mama aliirudisha ile karafuu kwenye ndoo. Akashika mwiko, akaanza kukoroga tena, kwa nguvu, mpaka tope likapanda lote na karafuu zisionekane.