Fundi Friji Hana Mama

Leo tena wamemletea mama.

Fundi Friji alimtazama bi kizee aliyesimama mlangoni na sahani, akazidi kuchoka. Lo, watu hawa! Wamemtoa wapi? Kovu la kwenye nyusi lipo. Hata kile kikohozi cha kabla ya kusema wamemfundisha.

"Mwanangu, uko nyumbani," bi kizee akasema, kwa lugha ya kwao hasa.

Fundi akamjibu kwa lugha ya ugenini, ile ya nchi alikokamatiwa ujasusi. "Sielewi, bibi. Mimi fundi wa friji tu."

Nyumbani! Wimbo ule ule. Mara ya kwanza waliomkamata walimfunga macho, wakampandisha ndege, ikazunguka weee, ikatua. Bwana mwenye suti akamkumbatia, akamwita kwa jina lake halisi. "Karibu nyumbani, kijana wetu. Kule ulikotoka tumwokoe nani mwingine?" Fundi akalia kama mtoto, akamtaja muuza dawa aliyekuwa akimpa habari. Kumbe ndege ilitua pale pale ilipoondokea. Muuza dawa akanyongwa.

Kati ya waliompa habari amebaki muuguzi, mama wa watoto wawili. Huyo hamtaji, hata wamletee malaika. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Tena gereza hili la pili lina hila. Hawapigi. Godoro laini, chakula cha moto. Juzi walileta mwanamke aliyejifanya dada yake, na utani wote wa utotoni kaukariri!

Bi kizee akamshika shavu. "Hata mimi, baba?"

Moyo ukamchanika. Alitamani aangukie kifua kile, hata kama ni cha uongo, alale. Akamkumbuka muuguzi, akageukia ukutani.

"Nenda, bibi. Kawaambie sikujui."

Bi kizee akaweka sahani, akatoka. Nje hapakuwa na askari. Palikuwa na sebule, picha ya mwanawe katika sare za shule, na binti yake akikunja nguo.

"Kakukana tena, mama?"

"Kanikana." Akajitupa kwenye kochi, akalia bila kujificha. "Mwaka wa pili huu tangu serikali yetu imrudishe. Nimechoka, jamani."

Mgeni aliyekaa pembeni na wanawe wawili akanyanyuka. Alikuwa yule muuguzi. Alivuka mpaka mwezi uliopita.

"Basi niingie mimi, mama. Anione niko salama."

"Usiende, mwanangu," bi kizee akamshika mkono. "Akikuona wewe, ataamini wamekukamata."