Mwanga Usiopita Kwenye Kioo

Mzee Onchiri, baba yake Persis, hakuwa na tatizo la macho, kwa hiyo Persis alishtuka kumwona Sanjay, mwenye duka la miwani mjini Kisii, akishuka garini uani kwao Marani.

"Sanjay amesomea fizikia Uingereza," baba yake alimnong'oneza jikoni. "Leo tutajua kama mchumba wako ni msomi kweli, au ni kama yule wa Nyaboke."

Nyaboke, binamu yake, aliolewa na mtu aliyejiita daktari aliyesomea Ulaya. Sasa ni mwaka wa 1997, na daktari yuko Kitale, anauza dawa ya kupe.

Sebuleni, mchumba wake Thadeus alikuwa amekaa wima. Alikuwa na siku tatu tu tangu arudi kutoka Amerika. Sanjay alimaliza chai kwanza.

"Kwa hiyo unachora kwa mwanga."

"Ndiyo, unaozalishwa kwa leza. Tunachora nyaya za vipande vya kompyuta. Mistari mia nne inaenea kwenye upana wa unywele mmoja."

"Mwanga wa rangi gani?"

"Hauonekani kwa macho."

Onchiri alikohoa.

"Na lenzi zenu," Sanjay aliuliza polepole, "ni za kioo gani?"

"Hatuna lenzi. Mwanga huo haupiti kwenye kioo. Hata hewa inaumeza, ndiyo maana tunafanyia kazi ndani ya chombo kilichotolewa hewa yote."

Uso wa Persis uliwaka. Hayo anamwambia mtu aliyekata lenzi miaka ishirini! Sanjay alitoa kijitabu mfukoni, akainama, akaanza kuandika.

Onchiri alihamia Ekegusii, lugha ambayo Sanjay aliijua ya kuuzia miwani tu. Alimwambia Thadeus kwa sauti ya chini kwamba chai imekwisha, na yeye ana safari.

Thadeus alimgeukia Persis. "Na wewe, unaona nadanganya?"

Persis alimfikiria Nyaboke. Akavua pete ya uchumba, akaiweka kando ya sahani ya mandazi.

Thadeus aliichukua, akamuaga mzee kwa heshima, akatoka. Lango lilisikika likifungwa.

"Asante, Sanjay," Onchiri alisema kwa Kiswahili. "Umemnasa."

Sanjay aliinua uso kutoka kwenye kijitabu. Kurasa mbili zilikuwa zimejaa maswali.

"Kumnasa? Swali la kioo ndilo lilikuwa mtego, mzee: mwongo angetaja aina ya kioo, yeye ameukwepa. Ameenda wapi kijana? Sijawahi kukutana na mtu anayeifanya kazi hiyo kweli."