Chujio la Mwalimu Fanueli

Uvumi ulimfikia Efrazia kiwandani kule Shume, mwenzake Hadija akimpigia kelele sikioni juu ya mngurumo wa msumeno: shule anayosoma binti yake Esteria, Lushoto, mwalimu wa fizikia ana kidude kinachonyonya sauti za wasichana. Kinachukua nyembamba, kinabakiza nzito. Hadija aliapa zinapelekwa Dubai. Siku hizi si kila kitu kinauzwa?

Efrazia alicheka. Halafu akakosa usingizi.

Kwa sababu Esteria alipokuja likizo, sauti yake haikuwa ile. Mtoto aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza kanisani sasa alizungumza kama kafunikwa blanketi. Mama akimwambia aseme vizuri, anajibu, "Nasema, mama. Mbona unanifokea?"

Hata ndege wa alfajiri walikuwa wamenyamaza. Hilo Efrazia alijua sababu yake: tangu watu binafsi waruhusiwe kufungua viwanda vya mbao, miti inakwisha, na yeye mwenyewe ndiye anayezipokea mbao zikitoka kwenye msumeno, kutwa nzima. Ndege wataimbia wapi? Lakini mtoto si ndege.

Akaomba ruhusa, akadandia lori la kabichi. Alishaamua. Leo Esteria anafunga sanduku, wanarudi wote. Afadhali alime viazi na sauti yake.

Mwalimu Fanueli alikuwa darasani na wasichana. Mezani palikuwa na redio kaseti, nyaya na spika. Alimpa mama shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho bila kukasirika. Wasichana walicheka, Esteria akainamisha uso. Mwalimu akasema kidude chenyewe ni chujio tu, kama la chai, ila hili linachuja sauti. Mama akae, ajionee.

Akaweka kaseti ya kwaya ya shule. Esteria aliimba humo.

Kwanza akapitisha waya kwenye koili, waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Zikatoka sauti nzito peke yake, ngoma na mngurumo, Efrazia akazisikia mpaka kifuani. Kisha mwalimu akauhamishia waya kwenye kitu kidogo alichokiita kapasita.

"Sasa nyembamba tu," alisema.

Spika ikanyamaza.

Efrazia alisubiri. Kaseti ilikuwa inazunguka, aliiona, na hakuna kilichotoka. Kumbe ni kweli. Mwanawe alikuwa mle ndani, kamezwa.

"Mrudishie," alisema. "Nakuomba, mwalimu. Mrudishie mwanangu sauti yake."

Efrazia akawageukia wasichana wamshuhudie. Wote walikuwa wanatikisa vichwa kwa mpigo mmoja, na Esteria anagonga dawati kwa kidole, akifuata kayamba.

Basi, mama mwenzangu:

Usimtoe mtoto shule kwa maneno ya kiwandani.

Usisimame kwenye msumeno bila kuziba masikio, hata wenzako wakikucheka.

Usitie mafuta ya moto sikioni, hayasaidii.

Na usimwambie mtoto aongeze sauti kabla wewe hujaenda hospitali.