Tai Isiyofungwa

Askari wa zamu aliivuta ile tai ya kipepeo kwa nguvu. Iling'oka shingoni mwa bwana harusi na kubaki mkononi mwa askari kama nondo mkubwa mweusi.

"Hii sawa," askari alisema, akiigeuzageuza. "Ile ya kufunga haivuki hapa. Nani katengeneza?"

"Dada yangu, afande."

Dada mtu, fundi cherehani, alikuwa ameketi kwenye benchi pamoja na mchungaji. Alikuwa ameikunja tai na kuishona kabisa, kisha akaishikiza kwenye kipande cha plastiki alichokikata kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi. Kipande kile kilikuwa na ulimi mdogo wa kuchomeka nyuma ya kifungo cha kola. Hakuna utepe, hakuna mpira wa kuzunguka shingo. Ukiivuta, inatoka.

"Wenzako wanafunga tai," dada akamtania. "Wewe unabandika kama stempu."

Bwana harusi hakucheka.

"Mikono juu," askari akaamuru.

Akainua mmoja.

"Yote miwili!"

"Afande, suruali itaanguka." Mkanda wake ulikuwa umeshachukuliwa, na kamba za viatu pia.

"Haya, mmoja mmoja." Askari akampekua, akamrudishia tai yake. "Humu ndani kazi yetu ni kufunga tu. Tunafunga milango, tunafunga watu, leo tunafunga na ndoa. Tai yako peke yake ndiyo haifungwi."

Wakaingizwa kwenye chumba cha ndani, ufunguo ukazunguka kwenye mlango wa mbao. Bwana harusi akageuka kuutazama, kama alivyogeuka kila mara mlango ule ulipofungwa nyuma yake. Hakuwahi kuuzoea. Chumba kilikuwa na meza moja na viti vya mbao. Dirisha lilikuwa juu karibu na dari, na nondo zake ziliukata mwanga vipande vipande sakafuni. Upande wa pili kulikuwa na mlango wa chuma, nao umefungwa.

Ilikuwa kwenye meza hii hii mchumba wake alipomkatalia mwaka uliopita. "Ndoa gani hiyo," alisema, "mmoja ndani, mmoja nje?" Safari hii alikuwa ametuma neno moja tu, kwamba atakuja. Lakini kuja si kukubali. Na kibali cha mkuu wa gereza kilikuwa cha asubuhi hii peke yake. Akikataa leo, hakitaombwa kingine.

Dada akamchomekea tai kolani. Bwana harusi akafumba macho. *Bwana, usiniache nitoke chumba hiki kama nilivyoingia.* Alikuwa ameiomba sala hiyo wiki nzima, kwa kufunga, mpaka shati la harusi likampwaya.

Mahali fulani nyuma ya ukuta mtoto mchanga akaanza kulia. Bwana harusi akainua kichwa.

"Huyo tumboni ana shimo," askari akasema, akitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hashibi."

Mlango wa chuma ukafunguliwa, bibi harusi akaingia. Gauni lilikuwa la kuazima, jeupe, kubwa mabegani. Mshipi wake ulikuwa umetolewa, likaning'inia kama pazia. Hata hivyo bwana harusi alisahau kushika suruali, ikabidi dada amkanyage mguu.

"Umekonda," bibi harusi akamwambia.

"Nilikuwa nafunga."

"Kwani humu kuna asiyefunga?"

Mchungaji akakohoa, akafungua kitabu. Alipomuuliza bwana harusi, jibu lilitoka kabla hajamaliza swali. Kisha akamgeukia bibi harusi.

Bibi harusi aliutazama mlango wa chuma, akautazama ule wa mbao, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe. "Kungoja kunachosha," akasema polepole. "Mwanzoni mtu anaapa. Halafu mvua zinapita, halafu anachoka."

"Nani atachoka?"

"Mmoja wetu."

Askari akaitazama saa ya ukutani. Bwana harusi akameza mate, koo likapanda na kushuka, ulimi wa plastiki ukachomoka nyuma ya kifungo. Tai ikadondoka mezani kifudifudi.

"Ee Mungu wangu," dada akanong'ona. "Na kazi yote ile!"

Bibi harusi akainama. Nyuma ya tai, kwenye kile kipande cha mfuniko, maandishi ya kiwandani yalikuwa bado hayajafutika. Akayasoma kimoyomoyo. Kisha akayasoma kwa sauti.

"*Funga vizuri.*"

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaziba mdomo kwa kiganja, mpaka macho yakamlowa, mpaka mchungaji naye akashindwa kujizuia. Akaiokota tai, akamsogelea mwenzake, akauchomeka ulimi nyuma ya kifungo na kuinyoosha upande mmoja, halafu wa pili, bila haraka.

"Haya, mchungaji," akasema, mkono wake ukiwa bado kwenye kola. "Funga. Funga vizuri."

Dada alipiga makofi peke yake mpaka askari naye akajiunga. Maharusi walishikana mikono, mchungaji akawaombea, na amina ya mwisho ikakutana na kengele. Mtoto alikuwa analia tena, sasa kwa hasira.

Askari akaweka kikapu juu ya meza. "Mkanda wako huo, bwana harusi, na kamba zako. Njia ya kwenda barabarani unaijua." Kisha akamshika bibi harusi kiwiko, kwa upole, akageuza ufunguo kwenye mlango wa chuma.

"Na wewe, mama, twende ndani. Mwanenu ana njaa."